Akiumia au Kufa, Sitamdai Mtu

Alinikuta nafunga duka. Kijana mwenye filimbi shingoni, vumbi limempanda hadi magotini, mkononi karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alitaka nimchapie, kisha nitoe kopi za kuwatosha watoto wote wa timu yake.

Mteja wa jioni hafukuzwi. Nikawasha kompyuta tena. Jina la timu, jina la mchezaji, umri, mtaa anaoishi. Halafu hii:

"Mimi mzazi/mlezi nimemruhusu mtoto wangu kushiriki mazoezi na mechi zote. Akiumia au kufa, sitamdai kocha wala kiongozi yeyote wa timu."

Chini yake nafasi ya sahihi au dole gumba.

"Kocha," nikamwambia, "hili la kufa nalo tuliweke?"

"Liweke, kaka. Wazazi wa siku hizi huwajui. Wakati wa mazoezi humwoni hata mmoja. Mtoto avunjike mkono uone, watakuja mpaka na mashangazi."

Nikacheka, nikaliweka. Akalipa, akaenda zake.

Kabla ya kufungua steshenari hapa Mwanga, Kigoma, nilikuwa karani kwa wakili mmoja mjini. Sina leseni ya uwakili, na mwenye shauri lake amwone wakili. Lakini ukikaa muda mrefu unachapa hati za madai, unaanza kutofautisha karatasi yenye meno na kibogoyo. Hii ya kocha ilininyima raha wiki kadhaa. Kila nilipoitazama sikuona jino, na mwenzangu anaitegemea.

Wajibu usiosubiri karatasi

Ukitafuta sheria ya Bunge inayoeleza kocha afanye nini na mtoto wa mtu, utachoka bure. Sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967 imeshughulika zaidi na baraza lenyewe na vyama vya michezo. Wajibu wa kocha tumeurithi Uingereza. Sura ya 358 ya sheria zetu inaziruhusu mahakama kutumia kanuni za kimahakama za huko, ile komoni loo, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Waingereza za baada ya hapo haziwafungi majaji wetu, ila huzisikiliza.

Mama wa hukumu hizo ni ya mwaka 1932. May Donoghue, mwanamke wa Uskoti, alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi katika mkahawa mjini Paisley. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, huoni ndani. Ilipomiminwa mara ya pili, alidai, akatoka konokono aliyeoza. Hakuwa amelipa yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na yeyote, na mtengeneza soda akaona hapo amepona. Hakupona. Majaji wengi wakasema mkataba si lazima. Kila mtu awe mwangalifu asimdhuru yule ambaye angeweza kuona mbele kwamba kitendo chake, au kuacha kwake kutenda, kutamfikia.

Sasa mtazame kocha wetu. Hakuna mtoto anayemlipa. Hana mkataba na mzazi wala barua ya ajira. Lakini saa kumi jioni akipuliza filimbi, watoto wanaacha walichokuwa wanafanya na kumkimbilia. Akisema zunguka uwanja mara kumi, wanazunguka. Wajibu unazaliwa hapo, kabla mtu hajasaini chochote.

Tena mahakama haimpimi kwa nia yake njema. Inauliza kocha mwangalifu, mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile, angefanya nini pale pale, kwa watoto wale wale. Hatalinganishwa na kocha wa Ulaya mwenye daktari na ambulensi pembeni. Atalinganishwa na kocha mwenzake wa Gungu au Katubuka anayeijua kazi. Na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo, ndivyo uangalifu unaodaiwa unavyopanda.

Mtoto hakusaini

Nilikuwa nafikiria fomu ile kama makubaliano kati ya kocha na mzazi, mpaka siku moja nikiwa nasubiri umeme urudi nikajiuliza: mguu utakaovunjika ni wa nani?

Wa mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka kumi na minane, na katika jambo lolote linalomhusu, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Madai ya kuumizwa ni mali yake. Mzazi anaweza kumsimamia mahakamani kwa kuwa mtoto hawezi kufungua kesi mwenyewe, lakini kusimamia mali ya mtu si kuigawa bure kabla hata haijajulikana ni kiasi gani.

Na muda haumwishii upesi. Madai ya aina hii kwa mtu mzima yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa mtoto, saa hiyo haianzi kugonga mpaka afikie utu uzima. Kijana wa miaka kumi na miwili aliyeumia leo, baba yake akasaini na kunyamaza, anaweza kuja mwenyewe na kesi yake akiwa na miaka ishirini, ana ndevu, na kocha ameshasahau hata jina lake.

Hilo la kufa ndilo baya zaidi. Kwenye Kanuni ya Adhabu, kuua bila kukusudia si lazima upige mtu. Kuacha kwa uzembe mkubwa kutimiza wajibu wa kulinda uhai au afya ya mtu, akafa, kunaweza kukufikisha huko. Mshtaki hapo ni Jamhuri, na Jamhuri haikusaini fomu ya timu.

Hapo ndipo nilipoanza kumhurumia kocha. Amelala usingizi mzuri akiamini amejifunika, kumbe shuka lenyewe halipo.

Kukubali mchezo

Nisiionee fomu, ina kazi yake ndogo. Inaonyesha mzazi alijua mwanawe anaenda kucheza mpira, na mpira una viatu, viwiko na kuanguka. Kifundo kikiteguka kwenye mwendo wa kawaida wa mchezo, kocha hadaiwi kitu, awe na fomu au asiwe nayo. Aliyeingia uwanjani ameyakubali hayo.

Ugomvi ni pale anapodaiwa kuwa alikubali zaidi ya hayo.

Oktoba 1991, kwenye mechi ya raga ya vijana huko Uingereza, mchezaji wa miaka 17 alivunjika shingo na kupooza. Katika raga kuna msukumano wa vikosi viwili vya mbele, vichwa vimefungamana, na kwa vijana kulikuwa na taratibu maalumu za kuuanza polepole ili usiporomoke. Siku ile uliporomoka mara nyingi kupita kawaida, na mwamuzi hakuzisimamia taratibu zile. Aliposhtakiwa akajitetea kwamba kijana alikubali hatari za raga. Mahakama ya Rufaa mwaka 1996 ikamjibu kwamba alikubali mambo ya kawaida ya mchezo, hakukubali mwamuzi aache kutekeleza kanuni zilizowekwa kumlinda yeye.

Yule alikuwa mwamuzi, lakini hoja inamkaa kocha vizuri kabisa. Mtoto anayekuja mazoezini amekubali kupigwa chenga, na kupigwa kiatu cha bahati mbaya. Hakukubali kupangwa dhidi ya kijeba wa miaka ishirini aliyepunguziwa umri. Vijeba tunavizungumzia kila mwaka kama udanganyifu wa kushinda makombe, tunawakatia rufaa, basi. Sijasikia mtu akihesabu kilo. Kocha anayejua kabisa kwamba beki wake ni mtu mzima mwenye mke na mtoto, akampanga amkabe mtoto wa darasa la sita, ameshaiona ajali kabla haijatokea. Hata kocha mwenyewe kuvua filimbi na kuingia kucheza nao kwa nguvu zake zote ni jambo la kuangalia: mwaka 1984 mahakama ya Uingereza ilimwona mwalimu ana hatia ya uzembe kwa kumkaba juu, kwenye raga, mwanafunzi wa miaka 15.

Ngurumo ya saa kumi na moja

Nilianza kupita kiwanjani nikitoka dukani. Sikwenda kupeleleza, njia yangu ya kurudi nyumbani inapita pale. Lakini ukishaanza kuwaza mambo haya, macho hayatulii.

Goli la mabomba lililoegeshwa tu, watoto wananing'inia. Kipa amejigonga kwenye mwamba, akamwagiwa maji kichwani, akaambiwa wewe ni mwanaume, akarudi golini. Wingu limetanda juu ya ziwa, ngurumo ya kwanza, ya pili, na mazoezi yanaendelea kwa sababu Jumamosi kuna mechi ya kombe la mbuzi.

Radi sisi wa huku hatuhitaji kuhadithiwa. Januari 2025 iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe, mkoani Geita, wakiwa shuleni. Hatari inayojulikana hivi, mtu hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema hakuitarajia. Na kinga yake haina gharama. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na watoto walipaswa kuwa wameshaondoka uwanjani, wako ndani ya jengo au gari lililofungwa. Si chini ya mwembe. Wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kuhusu kichwa cha kipa, Marekani ndiyo iliyonipa mfano. Mwaka 2006 mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Washington, Zackery Lystedt, aligonga kichwa kwenye mpira wao wa Kimarekani, akapumzishwa kidogo, akarudishwa mchezoni. Ubongo ukavuja damu, ikabidi afanyiwe upasuaji kuokoa maisha, na akabaki na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo likatunga sheria inayobeba jina lake: mtoto anayeshukiwa kuumia kichwa anatolewa siku hiyo hiyo, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba amepona. Majimbo mengine yakafuata. Kinachowatisha madaktari ni pigo la pili kabla ubongo haujatulia kutokana na la kwanza. Kichefuchefu, kusahau matokeo ya mechi anayoicheza, kuyumba, kuumwa kichwa: yote hayo kocha anaweza kuyaona bila kipimo chochote. Akitilia shaka, amtoe. Maji ya kichwani ni ya kumburudisha tu.

Na wajibu hauishii kwenye chokaa ya uwanja. Unapanda na mtoto kwenye kirikuu kilichojaza timu nzima kwenda Mwandiga. Unapanda naye kwenye boti timu zinapokwenda kucheza vijiji vya ziwani. Ziwa hili la Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na sidhani kama kuna fomu itakayosaidia mtu aliyepakia watoto bila jaketi za kuokolea.

La kambi sitalizungusha maneno. Kocha mwanaume kulala chumba kimoja na mabinti wa timu, au kumwita mmoja peke yake usiku "kumweka sawa kisaikolojia", hakuna mzazi aliyewahi kuruhusu na hakuna sheria itakayomwelewa. Daktari wa timu ya mazoezi ya viungo ya Marekani, Larry Nassar, aliwadhalilisha mamia ya wasichana huku watu wazima waliomzunguka wakipokea malalamiko na kuyafunika. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Wajibu wa kusema unamhusu na kocha msaidizi, na katibu wa timu, na yule mama anayepika kambini.

Mtu aliyefikishwa kizimbani

Hata hivyo nilifika mahali nikasita.

Agosti 2008, Louisville, jimbo la Kentucky, Max Gilpin wa miaka 15 alianguka mazoezini kwenye joto kali, baada ya timu kukimbizwa mbio nyingi. Siku tatu baadaye akafa. Kocha wake alishtakiwa kwa jinai, jambo ambalo hata Marekani halikuwa la kawaida. Mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia.

Nilisoma habari ile nikijua ningepaswa kukasirikia upande mmoja, nikashindwa. Mtoto amekufa kwa kukimbizwa. Na kule nyuma kuna mtu ambaye kila jioni alikuwa na vijana wakati baba zao wana shughuli nyingine, na sasa amekaa kizimbani. Nikawaza vijana wetu wanaofundisha kwenye viwanja vya vumbi. Tukiwasomea haya yote, wangapi watarudisha filimbi? Na watoto watakwenda wapi hiyo saa kumi jioni? Kila mtu hapa anajua wanakokwenda.

Kilichonitoa kwenye kusita ni kwamba tiba yenyewe ilikuwa rahisi mno. Aliyezidiwa na joto anapozwa kwanza, anasafirishwa baadaye: mtumbukize kwenye maji ya baridi, yakikosekana mmwagie mfululizo mwili mzima huku mwingine anatafuta gari la kwenda hospitali ya Maweni. Mwaka 2018 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland, Jordan McNair, alizidiwa mazoezini na hakutumbukizwa kwenye maji baridi. Akafa. Rais wa chuo alijitokeza akasema chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili. Chuo chenye mali zote zile, kilichokosekana ni mtu wa kumwingiza kijana kwenye maji.

Kwa hiyo sheria haimdai kocha wetu utajiri. Inamdai vitu ambavyo vingi anavyo.

"Silipwi hata mia"

Kocha wetu alirudi kuchapa orodha ya wachezaji. Nikamwekea kiti.

Alinisikiliza vizuri, kisha akasema: "Kaka, silipwi hata mia. Mpira nanunua mimi, chokaa mimi, nauli mimi. Halafu na kesi nibebe mimi?"

Nikamwambia kujitolea hakufuti wajibu. Nikamtolea mfano wa Wales: mwamuzi wa ridhaa kwenye mechi ya raga ya mwaka 1998 aliacha mchezaji asiye na uzoefu aingie safu ya mbele ya msukumano, mwingine akapooza, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ikasema mwamuzi anawajibika, ridhaa au si ridhaa.

"Fidia alilipa yeye?"

"Nyuma yake kulikuwa na chama cha raga cha Wales."

"Ahaa," akasema, akaegemea kiti. "Mimi nyuma yangu kuna ukuta wa choo cha shule."

Tulicheka wote, ingawa alikuwa ameshika penyewe.

Kisha akanirudishia swali ambalo kwenye hati zote nilizochapa sijawahi kulikuta. Kuna mtoto anakuja mazoezini hajala tangu jana. Akimrudisha nyumbani, atashinda barabarani. Akimchezesha, ataanguka. "Sheria yako inasemaje?"

Inasema chakula ni wajibu wa mzazi. Inasema pia mwanajamii anayejua mtoto ananyimwa chakula na mwenye uwezo wa kumlisha atoe taarifa serikali ya mtaa. Lakini mama wa yule mtoto hana huo uwezo, kila mtu mtaani anajua, na kumpeleka kwa mwenyekiti ni kumwaibisha tu. Nilimwambia ninachoamini: akishajua, ameshajua, hawezi kujifanya hajui. Ampokee, ampe kazi ya kuokota mipira na kuandika mabao, asimkimbize. Akipatikana wa kuleta uji, vizuri. Huo ndio uangalifu ulio ndani ya uwezo wake.

Fomu tuliibadilisha. Mistari ile ya kuumia na kufa tukaifuta. Mahali pake tukaweka: ana pumu, kifafa, selimundu au ugonjwa wa moyo? Anatumia dawa gani? Simu ya nani ipigwe, na asipopokea ya nani? Nani anamchukua jioni? Hakufurahi sana. Alisema sasa wazazi wataona kwamba wanapewa kazi. Nikamwambia ndiyo, wanapewa. Binti yangu anacheza netiboli na ana pumu. Bomba lake la dawa lipo kwa mwalimu wake kwa sababu mimi nilikwenda kumpa na kumwonyesha linavyotumika. Nisingeenda, sijui ningemlaumu kwa lipi.

Ukuta wa choo

Hilo la nani yuko nyuma yake ndilo sijalimaliza.

Timu ile haijasajiliwa. Kisheria si kitu kinachoweza kushtakiwa, ni watu wenye jezi zinazofanana. Kesi ikija itamwangukia kocha kwa jina lake, na kocha ana simu, baiskeli na viatu. Mtoto aliyepooza atashinda kesi na kuambulia hukumu iliyogongwa mhuri. Nimewahi kuchapa maombi ya kukazia hukumu dhidi ya watu wasio na kitu. Ni kazi ya bure, na inaumiza pande zote.

Kusajili klabu kunaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri. Kunaipa timu jina linaloweza kushika mali na kukata bima ya ajali kwa wachezaji. Tusisubiri sheria itulazimishe: hata Uingereza, mwaka 1989, mwanafunzi aliyeumia kwenye raga alishindwa kesi alipodai shule yake ilipaswa kumkatia bima au walau kuwashauri wazazi wake. Mahakama ilisema shule haina wajibu huo kwa jumla. Ni jambo la kupangwa na watu wenyewe.

Nilimwambia kocha aandike barua kwa wafadhili, nitamchapia bila malipo. Akauliza waombe nini. Nikasema bima na kisanduku cha huduma ya kwanza. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto. Mfadhili, akasema, anataka kitu chenye mgongo pa kuandika jina lake. Ana hakika jezi zitapatikana kabla ya mvua. Bima tumeiandika mstari wa tatu, baada ya jezi na mipira, na barua imeshapelekwa.